Mwendo wa Mzee Kibwana

Sekondari ya Lugongo
5 Agosti 2024

Mwaisha,

Usishangae kupata barua kama mtu wa zama za bibi yako. Huko kwenu mlimani simu haishiki, na hata ingeshika, mjomba wako asingekupa. Nimemwomba Modesta, yule mama wa ndizi, awe posta yetu. Akishuka na ndizi atapanda na barua.

Kwanza lile la maana. Mkuu wetu, Mwalimu Ignas, amekusimamisha masomo, hajakufukuza. Shika hiyo tofauti. Bodi ya shule ikikaa tu utarudi, maana kosa halipo. Tangu lini kuigiza kukawa kosa? Siku ya wazazi, mwezi wa sita, ulimwigiza Mzee Kibwana, mwenyekiti wetu wa bodi. Ulitembea mwendo wake, ukakohoa kikohozi chake, ukaanza hotuba yake isiyokwisha, na bwalo zima likacheka. Yeye mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, akicheka kuliko wote. Mwezi uliofuata akaanguka shambani na upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Huo ni ugonjwa, Mwaisha. Unaitwa kiharusi, na hauletwi na mwanafunzi wa kidato cha nne.

Nimekutumia vitabu vya Biolojia na Historia, na mitihani ya miaka iliyopita. Novemba haiko mbali. Na uache kulia. Najua unalia. Mwigizaji bora niliyewahi kumfundisha hawezi kushinda jikoni kwa bibi yake akilowesha mboga kwa machozi.

Mwalimu wako,
Editha


Luhanga
9 Agosti 2024

Shikamoo Mwalimu,

Mimi silii. Nimekasirika, na kukasirika ni kazi ngumu zaidi, maana hapa nyumbani siruhusiwi kupaza sauti.

Naomba nikueleze jambo, kwa kuwa wewe umetoka Muleba na huku umekuja na digrii. Ukoo wetu na ukoo wa Mzee Kibwana ni watani. Mtu wa kwao akifa, sisi ndio tunaokwenda kuuvuruga msiba. Mmoja wetu anapewa vazi la marehemu, analivaa, na anautembea mwendo wake pale uani mbele ya watu. Wafiwa wanacheka mpaka wanalia upya. Tunaita kumrudisha nyumbani. Mtu akisharudishwa hivyo, basi, ameagwa. Hiyo ndiyo kazi ya bibi yangu, na nimejifunza kwake. Kile kipaji ulichokuwa ukikisifia mbele ya wenzangu kimetoka misibani.

Kumwigiza mtu mzima wa afya si kitu. Hapa hata mtoto wa chekechea anamwigiza Mzee Kibwana. Shida ni kofia. Kwenye mazoezi yote nilivaa kofia ya karatasi. Asubuhi ya siku ya wazazi ukaja na kofia yake yenyewe. Ulimwambia mkewe, Bi Hafidha, kwamba unaiazima upate kipimo cha kumshonea nyingine ya zawadi. Nikakwambia, "Mwalimu, hii sivai." Ukasema sanaa haina woga. Nikavaa, kwa kuwa wewe ni mwalimu na mimi ni mwanafunzi.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe ulikuja mwenyeji akaugua. Huo ni utani, Mwalimu, ila leo sicheki.

Mjomba Twalibu ameamuru nisivuke uzio wa nyumba yetu mpaka Mzee apone au afe. Akifa, nitakuwa mimi niliyemuaga kabla ya siku yake, na hilo halifutiki. Hata maji ananichotea mtu mwingine. Watoto wa jirani wakiniona wanavua kofia zao na kuzificha mgongoni.

Vitabu vimefika. Ahsante.

Mwanafunzi wako, kama bado ni mwanafunzi,
Mwaisha


Sekondari ya Lugongo
20 Agosti 2024

Mwaisha,

Ningeweza kusema sikujua. Lakini wewe uliniambia, na mimi sikutaka kusikia. Nisamehe. Nimeliandika mara moja na silizungushi.

Sasa habari mbaya. Bodi haiwezi kukaa. Mwalimu Ignas anasema haina kikao bila mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye huyo aliyelala kitandani. Nikauliza, si akae mwingine kwa muda? Wajumbe wakatazamana. Hakuna anayethubutu kukalia kiti cha mtu aliye hai, wasije wakaambiwa nao wamemzika. Kwa hiyo wewe huwezi kurudi mpaka ainuke, na kila nikiulizia hali yake naambiwa hajambo kwa leo tu. Na mimi niliomba uhamisho. Mkuu amesema sitii mguu stendi ya Msamvu kupanda basi la kwetu mpaka suala hili lifungwe. Tumefungiwa chumba kimoja, mimi na wewe, na ufunguo uko chini ya mto wa mgonjwa.

Jumamosi nilipanda kwenda kumwomba radhi Bi Hafidha. Sikukaribishwa kiti. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza, akasema, "Tumesikia, Mwalimu," akafunga. Nimezoea kwetu kukaribishwa hata na mtu niliyegombana naye. Nilishuka mlima ule nikiwa na aibu ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu niwe mtu mzima.

Nakukataza kabisa kukanyaga kwa Mzee Kibwana. Watu wakikuona karibu na nyumba ile itakuwa balaa. Wewe soma.

Kikundi chetu kimefungwa. Mkuu ameweka magunia ya mahindi juu ya jukwaa, eti hakuna pengine pakavu.

Editha


Luhanga
3 Septemba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Nimekusikia. Nasoma. Historia naiweza, Biolojia inanisumbua. Ndiyo maana nina swali. Mtu aliyepata kiharusi, akiambiwa jambo anaelewa? Au anasikia sauti tu? Kwenye kitabu sijaliona.

Na jingine dogo. Siku ya wazazi uliturekodi kwenye simu yako. Naomba uangalie pale karibu na mwisho, Mzee anapofika kwenye kile kijito cha mchezo na kugeuka. Nilitanguliza mguu upi? Nimesahau, na nahitaji kujua. Angalia pia kama nilikohoa kabla ya kugeuka au baada.

Bibi anakusalimu. Anasema ungekuwa mjukuu wake angekuchapa, lakini anakusalimu.

Mwaisha


Sekondari ya Lugongo
9 Septemba 2024

Mwaisha,

Mguu upi? Mtihani wa taifa hauulizi mguu! Nakuona kabisa, umekaa peke yako huko unarudia na kurudia lile onyesho kichwani, unatafuta ni wapi ulikosea. Acha. Hukukosea popote. Nitakwambia ili uache kunisumbua: ulitanguliza wa kulia, na ulikohoa kabla. Na ndiyo, mgonjwa wa namna hiyo anaelewa, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Nilimuuliza mwalimu wa Biolojia. Akaniuliza kwa nini, nami nakurudishia swali. Kwa nini unauliza?

Ila katika kuangalia nimeona kitu ambacho sikukiona siku ile. Kuna mahali simu inamkamata Mzee Kibwana mstari wa mbele, kichwa wazi. Anacheka, anajipigapiga paja. Kisha mkono wake unapanda kichwani, unapapasa upara, na anaacha kucheka. Anakutazama wewe, anaitazama kofia. Halafu anacheka tena, Mwaisha, tena kwa nguvu zaidi. Alijua. Sijui nikueleze ina maana gani, wewe ndiye mwenye mila.

Mkuu ameniita ofisini. Anataka niandike kwamba kofia uliichukua mwenyewe bila mimi kujua, eti hapo mambo yataisha vizuri kwa shule. Nimemwambia mkono wangu hauandiki hivyo. Toka siku hiyo hanisalimii, na walimu wengine wananisalimia wakishaona hayupo.

Editha


Luhanga
23 Septemba 2024

Shikamoo Mwalimu. Tafuta kiti ukae kwanza.

Nimekuasi. Si kwa kupenda kwangu. Barua yako ya kunikataza ilifika jioni, na kesho yake asubuhi Bi Hafidha akasimama uani kwetu. Mjomba Twalibu alipomwona alidhani ameleta habari ya msiba, akakaa chini palepale kwenye matope. Bi Hafidha hakumwangalia hata. Akasema:

"Namtaka huyo mtoto. Mzee hali. Hata uji kaukataa. Kutwa anainyooshea kofia kidole, nikimvika anaivua. Jana ndo nimemwelewa anavyotaka."

Nikaenda. Yule mtu aliyekuwa akijaza mlango amelala upande mmoja, mdomo umeshuka, maneno yanatoka yamepondeka. Akaninyooshea kofia. Nikaichukua nimpe. Akakataa kwa kichwa, akaninyooshea mimi. Nikamwambia, "Shikamoo babu. Nikiivaa tena si nitakuua kabisa?" Akasema kitu, sikukielewa. Bi Hafidha akanigeuzia:

"Anasema ulishamuua toka Juni. Sasa umtembeze."

Na nusu ya uso wake ikacheka, Mwalimu. Nusu nyingine ikabaki vilevile.

Nikavaa. Nikamtembeza mle chumbani, toka kitandani mpaka dirishani na kurudi. Hakuangalia uso wangu. Aliangalia miguu yangu tu, jinsi mtu anavyoangalia watoto wake wakienda mbali. Machozi yakamtoka. Nilipomaliza akafungua mdomo, Bi Hafidha akamlisha uji bakuli zima. Ndiyo maana nilikuuliza ule mguu. Pale kwenye kijito alinikatisha, akapiga kitanda kwa mkono ule mzima. Nilikuwa nakosea. Anajua kila kitu.

Toka hapo naenda kila siku. Nilikuficha kwa kuwa ulinikataza, na kwa kuwa niliona aibu kufurahi.

Lakini sasa sikiliza. Nisipokwenda, hali. Juma lililopita nilishikwa na homa, akafunga mdomo mpaka nilipopona. Mjomba siku hizi anajisifu barazani kwamba mpwa wake ndiye dawa. Watoto hawafichi kofia tena. Hakuna anayesema nimemuua. Wanasema ninamweka hai, na hilo, Mwalimu, ni zito kuliko la kwanza. Nikirudi shule nani atamtembeza? Bibi yangu magoti yamekwisha. Bi Hafidha ni mke, hawezi kuwa mtani. Nilifungiwa uani kwetu, sasa nimefungiwa kwake. Hata bodi ingekaa kesho ikasema nirudi, siwezi kutoka. Nampenda, na nimechoka naye.

Mwaisha


Sekondari ya Lugongo
28 Septemba 2024

Mwaisha,

Nimeicheka barua yako na nimeililia, na mkuu alipita dirishani akaniona nikifanya yote mawili. Ukinificha tena nitakuja kukuchapa kwa niaba ya bibi yako.

Sasa nisikilize, na safari hii usinitii kama mwalimu, nipime kwanza. Niliwaambia nini siku ya kwanza ya kikundi? Mwigizaji akiondoka, sehemu yake inafundishwa mtu mwingine. Wewe unatafuta nani ataucheza mwendo wa Mzee Kibwana. Yuko mmoja anayeujua kuliko wewe. Alikurekebisha mguu akiwa amelala.

Mfundishe mwenyewe.

Anza pale nilipoanza na nyie. Pumzi kwanza, na kikohozi, maana kikohozi hakihitaji miguu. Kisha kukaa wima. Kisha kuhamisha uzito, huku na huku, bila kwenda popote. Mguu uwe wa mwisho. Usimwambie ni mazoezi ya hospitali, mzee yule atakufukuza. Mwambie anajiigiza vibaya. Mwambie kuna mtoto wa kidato cha nne anayemshinda kuwa Kibwana. Nilikuwa nikikaa naye vikao vya bodi. Najua panapomuuma.

Kama si sawa kwa mila yenu, niambie, nitaufyata.

Editha


Luhanga
17 Oktoba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Nilimuuliza bibi. Akasema hajawahi kusikia marehemu akifundishwa kujirudisha mwenyewe, lakini hajasikia pia ikikatazwa.

Mzee ni mwanafunzi mbaya kuliko wote uliowahi kuwa nao, hata kuliko Frank wa kidato cha pili. Hasikilizi. Anataka kuanzia mwisho. Nikimwambia "pumzi, babu," ananitukana matusi ya utani ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mwalimu. Nami namrudishia. Bi Hafidha anatoka nje asisikie.

Juma la kwanza kikohozi. La pili kukaa. Juzi alisimama, mimi upande mmoja na Mjomba upande mwingine, na mguu wa kulia ukagoma. Akauangalia. Akaukoholea kile kikohozi chake cha kikaoni, akaufokea: "We guu! Usinitie aibu mbele ya bodi!" Maneno yalitoka yamepinda ila tuliyasikia yote. Na mguu ukaburuzika, Mwalimu. Si hatua, lakini ulihama.

Jana alifika dirishani, tukimshika. Akanivua kofia kichwani kwa mkono wake mwenyewe, akajivika. Akala ugali, na mimi sijatembea hata hatua moja.

Anasema mwambie Ignas aite kikao. Anasema hatabebwa.

Mwaisha


Sekondari ya Lugongo
29 Novemba 2024

Mwaisha,

Umeweka kalamu chini leo, mtihani wa mwisho. Nimemwachia Modesta barua hii akupe langoni kwa sababu nikikwambia kwa mdomo sitamaliza. Usiisome ukitembea.

Mzee Kibwana amefariki. Si leo. Ni juma lililopita, alfajiri, kesho yake ukiwa na Biolojia. Alikuwa ameamka akajiendea mwenyewe dirishani, akarudi kulala. Wamemzika siku ileile huko mlimani, na wewe ulikuwa bwenini.

Bi Hafidha aliteremka mwenyewe kuja kwangu, na safari hii ni mimi niliyempa kiti. Akasema Mzee aliacha neno: mtoto asiambiwe mpaka amalize kuandika. Nikaapa, na walimu wenzangu wakaapa. Na kila asubuhi nikasimama mlangoni mwa chumba cha mtihani, ukaniambia shikamoo, nikakuitikia marahaba nikicheka. Uliniuliza Jumatatu, "Mzee hajambo?" Nikasema, "Kaonekana dirishani." Mwaisha, wewe unasema mimi nakufundisha kuigiza. Sijawahi kuigiza kitu kigumu kama hicho, na sitaki kukirudia.

Nakumbuka tu siku ya bodi, mwishoni mwa Oktoba. Pikipiki ilisimama langoni, na yeye akakataa mikono yote isipokuwa bega lako. Toka lango hadi ofisi ya mkuu, shule nzima madirishani, hakuna aliyecheka. Akakalia kiti chake, akakohoa, na mzee wa hotuba zisizokwisha akasema neno moja: "Arudi." Mkuu akauliza kama kuna la nyongeza. Akasema halipo.

Hajarudishwa nyumbani. Ukoo wake umekataa mtani mwingine yeyote. Wanangoja arobaini, wanakungoja wewe. Bi Hafidha alitaka kunipa kofia nikuletee. Nimekataa kuishika. Mimi na kofia ile tulishakutana. Nenda kaipokee mkononi mwake.

Uhamisho wangu umekubaliwa. Najua hukutegemea kusoma hilo humu. Na mimi sikutegemea lingeniuma.

Mwalimu wako,
Editha


Luhanga
2 Januari 2025

Shikamoo Mwalimu,

Barua hii nimeituma kwa basi toka Msamvu, kwa hiyo ikifika Muleba imekunjamana usinilaumu mimi.

Nilikukasirikia siku nyingi. Ulipanda kuja kuaga nikajificha nyuma ya nyumba, na ulijua nipo. Ningefeli Biolojia kama ungeniambia, nalijua hilo, na bado nilikasirika. Sasa imekwisha. Mkuu ameondoa magunia jukwaani, nimeyaona kwa macho yangu.

Arobaini ilijaa watu mpaka wengine wakasimama shambani. Bi Hafidha aliniletea kofia kwa mikono miwili. Nikavaa. Wote walikuwa wanangoja ule mwendo wa Juni, na nikaanza nao: kifua mbele, fimbo, kikohozi, kugeuka kwa mguu wa kulia. Wakacheka vizuri. Watoto wakacheka. Ningeweza kuishia hapo, kazi ingekuwa imefanyika.

Lakini huyo hakuwa mtu wa mwisho niliyemjua. Nikasimama katikati ya uani. Nikauacha mguu wa kulia ufe. Nikauangalia, nikaukoholea, nikaufokea kwa mdomo uliopinda: "We guu! Usinitie aibu mbele ya bodi!" Nikauburuta.

Kicheko kikakatika, Mwalimu. Mjomba Twalibu akaangalia chini. Nikadhani nimeharibu, nimekosea tena, na safari hii si wewe wa kulaumiwa. Nilikuwa peke yangu pale katikati na mguu usiokwenda, na nje ya mwendo ule sikuwa na pa kutokea.

Ndipo Bi Hafidha akacheka. Yeye peke yake, kwanza kidogo, kisha mpaka wanawake wakamshika asianguke. Halafu wote. Wamecheka na kulia mpaka sikujisikia mwenyewe nikikohoa.

Nikamfikisha mlangoni kwake. Nikavua kofia, nikamwekea mkewe mikononi. Ameagwa sasa, na kwa wakati wake. Kisha nikatoka uani kwenda nyumbani, bila mtu kunishika wala kunizuia, kwa mwendo wangu mwenyewe. Nilikwenda kipande kizima kabla sijagundua kuwa ni wangu.

Mwanafunzi wako,
Mwaisha